Aliyekicheza Kikohozi Changu

Sikumpenda tangu siku ya kwanza, na sitamsifu leo eti kwa kuwa amekufa. Najua kwetu marehemu hasemwi vibaya, nimelelewa na nimefundwa. Lakini kuna watu wakifa husemwa vizuri na kila mtu mpaka wanageuka malaika, na huyu hakuwa malaika. Alikuwa mcheza ngoma, tena mtunzi wa ngoma, bibi wa Kizungu kutoka Marekani, Myahudi, na alinifanyia jambo ambalo hata shetani angeomba ruhusa kwanza.

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Maduka ya Songea, yaliyokuwa na rafu tupu na muuzaji anayesinzia, yakajaa sabuni za kila rangi. Mitumba ikamwagwa chini sokoni watu wakachagua kwa miguu. Na mali za umma zikaanza kuuzwa moja moja, kama mbuzi wa urithi wanaogombewa na ndugu. Mimi nilikuwa mchambuaji wa tumbaku kwenye ghala moja la shirika la umma. Tulikuwa wanawake ishirini na wawili kwenye meza ndefu za mbao. Tumbaku ya moshi, ile inayokaushwa kwa moto, ilikuja kwa malori kutoka upande wa Namtumbo, sisi tunaikunjua jani kwa jani, tunalitazama, tunalitupa kwenye daraja lake, tunafunga mafungu, wanaume wanashindilia marobota. Kazi ile ina vumbi. Wala si vumbi la barabarani ambalo unapiga chafya likaisha. Hili linakaa kooni, linakaa kwenye kanga, ukirudi nyumbani unalikuta mpaka kwenye uji wa mtoto. Nilikaa pale miaka kumi na mmoja.

Nilikuwa na watoto wanne na sikuwa na mume. Yaani nilikuwa naye, ila alikwenda Tunduru kutafuta mawe ya vito, mawe hayakumpata, akapatwa na mwanamke wa huko. Basi kazi ya ghala ndiyo iliyokuwa baba wa nyumba yangu pale Lizaboni. Ada, unga, dagaa wa Nyasa wa Jumapili, vyote vilitoka kwenye vidole hivi.

Kitu kingine nilichokuwa nacho ni ngoma. Zamani kila shirika lilikuwa na kikundi chake, na letu lilicheza kioda na lizombe, Mei Mosi, siku za Mwenge, na kila alipokuja mgeni mwenye gari refu. Aliyetangulia mstari nilikuwa mimi. Sijisifu, wenzangu wapo, waulizwe.

Siku moja mwangalizi wetu alipanda juu ya robota akatutangazia kwamba mnunuzi amepatikana. Baada ya Pasaka ghala litakabidhiwa. Mnunuzi atabakiza baadhi yetu, wale wenye nguvu na afya, wengine wataagwa vizuri. Alisema "wataagwa vizuri" kama anayetangaza harusi.

Tangu siku ile niliacha kukohoa. Yaani mbele za watu. Kikohozi nilikuwa nacho toka mvua za mwaka uliotangulia, kikavu kwanza, kisha kizito. Nilikuwa nimekonda nikavaa vitenge viwili ili nionekane nina mwili. Wahenga wanasema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Hao wahenga hawakuwa na watoto wanne na mnunuzi mlangoni. Kikohozi kinafichika. Unakimeza na mate, unajifanya unacheka, unaangusha fungu makusudi uiname chini ya meza. Na miaka ile, mtu akikohoa na kukonda kwa pamoja, majirani walikuwa wameshamzika kwa macho, na jina la ugonjwa walikuwa wameshalichagua bila kumuuliza daktari. Sikutaka kuzikwa, na sikutaka kuagwa vizuri.

Huyo bibi aliletwa na afisa utamaduni wa wilaya, asubuhi moja ya mvua. Alikuwa mwembamba, nywele nyeupe zimekatwa fupi kama za mwanaume, na alipoingia uani alivua viatu akasimama peku kwenye saruji ya baridi. Vidole vyake vya miguu vilikuwa vimepinda kama tangawizi. Wenzangu wote walimwamkia shikamoo, naye akaitika marahaba vizuri kabisa, maana aliwahi kufundisha Dar es Salaam miaka ya nyuma. Kiswahili chake kilikuwa cha vitabuni, kila neno limepigwa pasi. Zamu yangu ilipofika nikamwambia "Habari za asubuhi." Mtu wa umri wa mama yangu. Akajibu nzuri, akanitazama kidogo zaidi ya inavyostahili.

Afisa utamaduni alieleza kwamba Mama huyu amezunguka dunia akitunga ngoma na watu wa kawaida, wafungwa, vipofu, wafanyakazi, na kwamba atatutungia kitu cha siku ya makabidhiano. Nilifurahi, kwa muda mfupi. Nilishaiona siku yenyewe: sare mpya, wimbo wa kumkaribisha mnunuzi kwa jina lake, mimi mbele naruka, yeye ananiona. Nani angesema mwanamke anayeruka vile ni mgonjwa? Kazi yangu ningeiokoa kwa miguu yangu mwenyewe.

Bibi akasema hapana. Hakuja kumkaribisha mtu. Alitaka ngoma itoke kwenye kazi yetu, mikono yetu mezani, migongo yetu chini ya marobota. Mmoja wetu akamuuliza, kwa adabu, nani atataka kutazama kitu ambacho sisi wenyewe tunakifanya kutwa na tunakichukia. Mimi nilicheka kuliko wote, halafu nikaangusha fungu.

Tulikuwa na njia ya kumwondoa, au tulidhani tunayo. Ilikuwa wiki ya pili ya Kwaresima. Kwetu, nchi hii ya mapadre, Kwaresima hakuna ngoma; hata harusi husubiri. Tukamwambia hivyo kwa huzuni ya kujitia. Wawili kati yetu walikuwa Waislamu, nao wakaunga mkono wakasema hawawezi kupiga ngoma peke yao wenzao wakiwa kwenye toba. Mgeni tusingemkatalia usoni, hiyo si desturi, lakini Kwaresima ingemkatalia kwa niaba yetu.

Alisikiliza, akauliza: kinachokatazwa ni nini hasa, ule mdundo au kusogeza mwili? Tukatazamana. Katika maisha yetu hakuna aliyewahi kutuuliza hivyo. Mama mmoja wa Msamala, mzee kuliko sisi na kiongozi wa jumuiya yao, alifikiri sana akasema kinachokatazwa ni ngoma kulia, na vigelegele, na kelele za furaha.

"Basi tutafanya bila ngoma kulia," akasema bibi. "Tutayaita mazoezi."

Tukawa tumenaswa. Kila jioni baada ya kazi tukapanga mistari uani.

Anayecheza ananielewa. Ngoma inapolia inafunika mengi: aliyekosa hatua, aliyechoka, anayehema. Ukiiondoa, unasikia mpaka magoti. Tulisimama kimya tukichambua majani yasiyokuwepo, tukitupa, tukifunga, tukiinama chini ya mizigo ya hewa, na katika kimya kile kikohozi changu kikapanda. Nilikisikia kinakuja kama mtu anayepanda ngazi. Sikuwa na meza ya kuinamia chini yake. Nikapiga mguu wa kulia kwa nguvu zangu zote, nikageuza bega, uso ukaenda nyuma, nikapiga makofi mawili karibu na mdomo, na katikati ya kishindo na makofi nikakiachia. Halafu nikarudi mstarini kama hakuna kitu. Kikaja tena, nikafanya tena. Niliona nimevumbua kitu kikubwa.

Bibi akasimamisha watu wote. Akaja mbele yangu akaniomba nirudie. Nikarudia. Akauliza hatua hiyo imetoka wapi.

Nikadanganya kwa mdomo mzima. Nilisema ni hatua ya bibi yangu mzaa mama, ya wanawake wa Kingoni wa zamani wakiwaaga wanaume wanaokwenda vitani. Bibi yangu, Mungu amlaze pema, alikuwa Mnyasa wa ziwani mwenye mguu mbovu, hakucheza ngoma yoyote tangu nimjue.

"Asante," akasema. "Nifundishe."

Basi nikamfundisha. Mguu, bega, uso, makofi mawili. Alikosea mara mbili, ya tatu akapata. Kisha akageuka akawafundisha wote, na kabla jua halijazama wanawake ishirini na wawili walikuwa wanacheza kikohozi changu.

Walijua. Mnafikiri hawakujua? Wale tulikaa nao meza moja, walinisikia nikicheka visivyochekesha miezi mingapi. Shoga yangu wa kukaa ubavuni alininong'oneza tukiwa tunavaa viatu kwamba leo tumekohoa wote, aliyeumwa na asiyeumwa. Alisema kwa utani, naye alikuwa mtu wa utani. Sikusema naye siku tatu.

Jumamosi ya kwanza bibi hakufanya mazoezi. Akasema hiyo ni siku yake ya kupumzika. Tukaamua ni Msabato, tukaridhika, maana Wasabato tunawajua. Jumamosi ya pili mama wa Msamala akamuuliza anasali Sabato ya wapi. Akasema hasali sana, lakini yeye ni Myahudi.

Sijui niwaelezeje wasomaji wa leo. Kwetu Myahudi alikuwa mtu wa kwenye kitabu. Tulimjua kwa Ijumaa Kuu, kwenye Njia ya Msalaba, ambapo vijana wa parokia hujifunga mashuka na kupiga kelele asulubiwe. Kwamba Myahudi anaweza kuwa bibi peku anayekula mihogo yako ya kuchemsha, hilo hatukuwahi kulifikiria. Mmoja akashika rozari yake. Na mimi nikaona fimbo ya kumchapia, nikaiokota.

Nilimuuliza mbele ya wote kama ni kweli watu wake ndio waliomuua Yesu. Niliuliza kwa sauti tamu, sauti ya mtu anayetaka kujifunza. Nilitaka aumie, aone haya, aondoke na hatua yangu.

Hakukasirika. Alikuwa anamenya muhogo, akaendelea kumenya.

"Swali hilo niliulizwa mara ya kwanza nikiwa na miaka saba," akasema. "Lilikuja pamoja na jiwe." Akanionyesha kovu dogo juu ya nyusi, akala muhogo wake, akasema tuendelee.

Niliona aibu, lakini sikumwomba radhi, na sikuwahi kumwomba. Wenzangu ndio walioanza kumhurumia. Jioni zilizofuata walimchokoza asimulie, naye akasimulia vipande vipande. Watu wake walikuwa mafundi cherehani waliokimbia nchi yao wasichinjwe. Mama yake alishona makoti kiwandani, akafa yeye akiwa mtoto. Kwa nini alikufa hakusema. Alipokua alicheza kwenye kumbi za wafanyakazi waliogoma, juu ya meza, kwa sababu jukwaa halikuwepo. Baadaye serikali yao ilimwita, ikamtaka awataje rafiki zake wenye mawazo ya kijamaa kama yake, akakataa kutaja hata mmoja, na kumbi zote kubwa zikamfungia milango miaka na miaka. Ndipo akaanza kwenda magerezani na kwenye vijiji. Nilisikiliza kwa sikio moja. Wenzangu wakisema huyu mama amepata taabu, mimi nikasema moyoni kwamba taabu yake aliichagua, yetu tulizaliwa tumeikuta.

Lakini kitu kimoja kilinikaa: hakutaja rafiki zake. Nikafikiri, mtu wa namna hiyo ukimwomba siri ataitunza.

Nikaenda kumwomba. Sikuweza kumwambia ukweli, maana nilikuwa nimeshamzika bibi yangu ndani ya uongo. Nilimwambia tu kwamba hatua ile ni ya ukoo, si ya kuonyeshwa wageni, naomba aitoe. Akasema akiitoa, hakuna ngoma iliyobaki. Nikamwambia basi mimi nitajitoa. Akasema ni haki yangu. Na hapo akanishika pabaya, kwa sababu kiongozi wa ngoma asipocheza siku ya mnunuzi, watu watauliza anaumwa nini. Nikarudi mstarini. Nilimchukia mpaka nikasikia ladha yake mdomoni, chungu, kama jani bichi la tumbaku.

Pasaka ikaja, toba ikaisha, ngoma zikaruhusiwa kulia. Nikawatafuta wapigaji wetu wa zamani mimi mwenyewe, watatu, nikawaleta uani siku mbili kabla ya makabidhiano. Nilijua zikilia zile, hata ng'ombe akikohoa hasikiki. Bibi aliwasalimu, akawapa chai, akawashukuru, akawarudisha nyumbani. Ngoma yake ilizaliwa kimya na itachezwa kimya, ndivyo alivyosema. Kisha akaongeza jambo: pale kwenye makofi mawili, kila mmoja atoe pumzi kwa nguvu, isikike.

Siku ikafika. Wakubwa wa wilaya wakakaa chini ya turubai. Meneja wa mnunuzi alikuja kutoka Dar es Salaam, suti ya kijivu, na muda wote alikaa na leso puani kwa sababu ya vumbi. Vumbi la uani, jamani, la ndani ya ghala hakuligusa.

Tukacheza. Majani, mafungu, mizigo. Kisha mguu chini, bega, uso nyuma, makofi mawili, na pumzi ishirini na mbili zikatoka kwa mpigo mmoja. Yangu ilikuwa ya kweli. Ilizama ndani ya zile nyingine kama jiwe kwenye mto. Tukarudia, ikazama tena. Na hapo, nisiwe mwongo, kitu kilinipata. Kwa mara ya kwanza toka siku ile ya tangazo nilikohoa mbele ya watu bila woga, wenzangu wote wamenizunguka wakikohoa nami. Nilidhani nimeelewa. Nilidhani bibi yule alijua, akanitengenezea kichaka cha kujificha. Nilikaribia kumpenda. Nilicheza siku ile kuliko siku yoyote ya maisha yangu, na nikamwona meneja ananitazama mimi, anatikisa kichwa kwa kuridhika.

Tulipomaliza wakapiga makofi. Meneja akasimama, mchangamfu, akasema amependa sana ile hatua ya kupiga mguu, ni baraka ya kimila? Afisa utamaduni akafungua mdomo. Mimi nikafungua wangu, nimpe ya bibi yangu na wapiganaji. Yule bibi wa Kizungu akawahi.

"Ni kikohozi," akasema. "Wanawake hawa wanavuta vumbi la tumbaku mwaka hadi mwaka. Ukinunua ghala hili umenunua na vifua vyao. Wapimwe wote kabla hujachagua mtu."

Meneja aliwatazama wakubwa wa wilaya, wakubwa wakamtazama yeye. Angesema nini? Akasema bila shaka, kampuni inajali afya, wote watapimwa kwa gharama yake. Watu wakashangilia. Wenzangu pia wakashangilia, na mmoja akapiga kigelegele. Mimi nilikuwa bado nimesimama mstarini, jasho linapoa mgongoni, nikijua kwamba nimekwisha.

Wiki iliyofuata lori lilitupeleka hospitali ya misheni kule Peramiho, tukapigwa picha ya kifua mmoja mmoja. Kumi na tisa wakarudi. Watatu tulibaki. Kifua kikuu, wakasema, na changu kilikuwa kimekula pafu moja kiasi kwamba sista aliyeishika ile picha kwenye mwanga aliniuliza nilikuwa nachezaje. Akaniambia mficha maradhi kifo humuumbua. Nikamwambia asante sista.

Wale kumi na tisa wakaajiriwa. Tena, sitamnyima yule bibi hili, walipewa vitambaa vya kufunika pua, na madirisha ya ghala yaliyopigiliwa misumari toka tulipolikuta yakafunguliwa. Hilo lilitokana na ulimi wake. Mahali pangu mezani akawekwa msichana wa Msamala. Watoto wangu wakagawanywa kwa dada zangu, wawili huku, wawili kule, na binti yangu mkubwa akaacha shule mwaka ule kwa sababu hapakuwa na wa kumlipia.

Bibi alikuja kuniona wodini. Walimwambia afunike mdomo, hakufunika. Akakaa kwenye ncha ya kitanda, miguu yake ile iliyopinda haigusi chini, na safari hii hakusema habari wala pole. Nikaanza mimi.

"Ulijua. Tangu lini?"

"Tangu ulipopiga mguu mara ya kwanza."

"Na habari za bibi yangu?"

"Sikuziamini hata kidogo."

Halafu akaniambia kile ambacho hakuwasimulia wenzangu uani. Mama yake alikuwa na ugonjwa huu huu, kwenye chumba cha kushonea makoti, nyuzi na vumbi la sufu hewani. Msimamizi alipita katikati ya mashine akisikiliza nani anakohoa, amtoe. Mama yake alikificha kikohozi ndani ya wimbo. Yeye alikuwa na miaka tisa, anakaa chini ya mashine akikata nyuzi. Mama akibanwa, anamgusa kwa mguu, naye mtoto anaimba kwa sauti kubwa ili mama akohoe chini ya sauti yake.

"Tulifaulu," akasema. "Hakufukuzwa. Alikufa akiwa bado na kazi yake."

Kwetu hata adui yako akikutajia msiba unamwambia pole. Neno lilifika kwenye meno nikalirudisha.

"Kwa hiyo mimi nimemlipia mama yako," nikamwambia.

"Ungekufa."

"Labda. Lakini ungeniuliza."

"Ungekataa."

"Ningekataa. Nawe ungesema tu, nakujua. Lakini ungekuwa umenisaliti ukinitazama machoni. Wewe umenisaliti nikiwa nacheza, na nilikuwa nimeshaanza kukuamini."

Akasema ni kweli, akashuka kitandani, akaenda. Nilimeza dawa zao miezi yote waliyonipangia, bila kuruka hata siku moja. Sista alinisifu kwa utii. Haukuwa utii, ilikuwa hasira. Sikutaka kufa yeye akaja kunililia.

Nikapona. Nilipika maandazi nikauza barabarani Lizaboni, kisha nikafungua kibanda, na watoto nikawakusanya mmoja mmoja. Binti yangu mkubwa hakurudi shule tena. Ni mama mzima sasa, hajawahi kunilaumu, na kila nikimwona anaandika jina lake polepole kwenye daftari la kikundi cha akina mama nakumbuka ni nani aliyeninunulia uhai na kwa kitu cha nani.

Aliniandikia barua mbili ambazo sikuzijibu. Ya tatu ilikuwa na mistari michache tu. Alisema huko kwao kuna ukumbi mkubwa uliowahi kumfungia mlango, sasa umemwita, unataka ngoma moja tu kati ya zote alizotunga maishani. Anataka kuwachezea ile ya ghalani, hajaona nyingine inayoizidi. Akaniuliza kama anaruhusiwa.

Nilinunua stempu. Nikaandika neno moja, hapana, nikatia sahihi kama mtu wa ofisini. Nilijisikia vizuri kwa wiki nzima.

Baada ya hapo hazikuja barua tena, miaka mingi, mpaka hii ya mwaka jana kutoka kwa mwanafunzi wake, kunijulisha kwamba amefariki. Mwanafunzi anaeleza kuwa Mama aliacha ngoma zake zote zimeandikwa na kuchorwa, isipokuwa moja. Ukumbi ule mkubwa aliukatalia. Hakuicheza ngoma ile popote, hakumfundisha mtu, wala hakuacha alama yake kwenye karatasi, na kila walipombembeleza alikuwa akiwajibu kwamba aliomba ruhusa kwa mwenyewe, mwenyewe akakataa. Niliisoma barua hiyo mara mbili nikiwa nimesimama, halafu nikakaa chini kwenye sakafu ya jikoni, nikalia kwa sauti mpaka binti yangu akaja mbio kutoka uani kuuliza ni nani aliyekufa.